Mtihani wa Mawakili na Jinsi ya Kujitayarisha

Mhariri wa gazeti letu ameniomba nieleze jinsi mtu anavyojitayarisha kwa mtihani wa kuingia katika kazi ya uwakili. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa nami nalikaa katika madawati ya shule hii kabla ya kwenda kusoma sheria, na kwa kuwa kila nipitapo hapa wadogo zangu huniuliza swali lile lile: "Dada, ni kweli kwamba mtihani ule haupitiki?" Jibu langu ni kwamba unapitika, lakini haupitiki kwa njia ambayo wengi wetu tumeizoea tangu shule ya msingi. Njia hiyo nyingine ndiyo nitakayoieleza.

Kwanza yafaa msomaji ajue mtihani wenyewe ni upi. Mtu akimaliza Kidato cha Sita na kupata nafasi, husoma shahada ya sheria katika chuo kikuu. Masomo hayo yalianza katika nchi yetu tarehe 25 Oktoba 1961, katika jengo la TANU mjini Dar es Salaam, yakiwa na wanafunzi wachache tu. Leo vyuo vinavyofundisha sheria ni vingi. Lakini shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Kwa sheria iliyotungwa mwaka 2007 iliundwa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita Shule ya Sheria, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 2008. Huko mwanafunzi hujifunza mwenendo wa kesi za madai na za jinai, uandishi wa hati za mahakama, na maadili ya kazi; tena hupelekwa mahakamani na katika ofisi za mawakili ili aone kazi ikifanywa. Aliyefaulu ndipo aweza kumwomba Jaji Mkuu aandikishwe katika daftari la mawakili. Basi mtihani huo ni mlango, na mlango huo una bawabu mkali.

Ukali wake ulisikika nchi nzima mwaka 2022. Katika matokeo yaliyotangazwa mwaka huo walikuwako watahiniwa 633. Waliofaulu masomo yote walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya masomo walikuwa 342, na waliosalia, watu 265, walishindwa kabisa. Maneno mengi yakasemwa, na Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ili kuchunguza jambo hilo. Sina nia ya kuamua hapa kama lawama ilikuwa ya wanafunzi, ya vyuo, au ya mtihani wenyewe. Nataka kusema tu juu ya lile lililo mikononi mwa mwanafunzi, maana hilo ndilo awezalo kulitengeneza usiku wa leo.

Mimi naliingia baada ya matokeo hayo, na hofu yake ilikuwa ingali ndani ya madarasa. Kila mmoja wetu alikuwa na watu nyumbani wanaomngoja. Ada imekwisha lipwa, mshahara hakuna, na majirani wanamwambia mama yako kwamba sasa ana wakili katika nyumba. Mtu mwenye hofu ya namna hiyo husoma mno. Nimewaona wenzangu wakisoma hadi saa nane za usiku, wakipiga mistari ya rangi chini ya kila sentensi mpaka ukurasa mzima ukawa rangi moja. Bidii hiyo siidharau hata kidogo. Lakini yafaa kuuliza bidii inaelekea wapi.

Mtihani huu hauulizi unajua nini. Wauliza utafanya nini kwa ajili ya mtu aliyekuja mbele yako na shida yake. Nitatoa mfano nilioutunga mwenyewe, lakini ni wa namna ile ile ya maswali tuliyokuwa tukiyafanyia mazoezi.

Mzee mmoja alimkopesha jirani yake shilingi 4,000,000, wakakubaliana kwa maandishi kwamba zirudishwe ifikapo tarehe 31 Desemba 2014. Jirani hakulipa. Mwezi wa Juni 2018 jirani alimwandikia mzee barua, akaitia sahihi, akisema kwamba deni analijua na anaomba avumiliwe. Hata hivyo hakulipa. Mwezi wa Machi 2022 mzee anakuja kwako akitaka kwenda mahakamani. Mshauri.

Mwanafunzi aliyekariri ataruka kwa furaha. Anajua kwamba kwa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, shauri la mkataba hufunguliwa ndani ya miaka 6. Atahesabu kutoka mwisho wa mwaka 2014, ataona kwamba miaka 6 ilikwisha mwisho wa mwaka 2020, naye ataandika: "Mzee amechelewa, hana dawa." Alichokariri ni kweli kabisa, na jibu lake si sahihi. Maana sheria hiyo hiyo yasema kwamba mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake, kabla muda haujakwisha, hesabu huanza upya tangu siku ya kukiri. Barua ya Juni 2018 iliandikwa muda ukiwa bado. Kwa hiyo mzee alikuwa na nafasi mpaka Juni 2024, na mwezi wa Machi 2022 mlango wake ulikuwa wazi.

Tazameni sasa tofauti ya wanafunzi wawili. Wote wawili wanajua miaka 6. Mmoja aliisoma barua kama maneno ya kujazia swali, mwenziwe aliisoma kama kitu kilichowekwa pale kwa sababu. Tena fikirini kwamba mzee huyo si mtu wa karatasini. Wakili wa kwanza angemrudisha nyumbani mikono mitupu, na fedha zake zingekwenda hivi hivi, ilhali haki yake ilikuwa mfukoni mwake katika bahasha. Ndiyo maana naona kwamba mtihani huo kuwa mkali si jambo la ajabu. Anayeumia kwa jibu baya la wakili si wakili.

Basi, jinsi ya kujitayarisha. Nitaeleza mambo matano niliyoyafuata, nami nasema kwa yale niliyoyaona yakinifaa.

Jambo la kwanza ni kufunga daftari. Nalikuwa nikisoma sura moja, kisha nafunga kitabu, nachukua karatasi tupu, na kuandika yote niyakumbukayo. Halafu nafungua kitabu na kusahihisha kwa wino mwekundu. Kazi hii ni chungu, kwa sababu karatasi huonyesha waziwazi usilolijua, ambapo kusoma tena na tena hupendeza, maana macho huzoea maneno na moyo hudhani kwamba umeelewa. Wataalamu wamelipima jambo hili. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliambiwa wazisome tena, na wengine waliambiwa waandike wayakumbukayo bila kutazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Nasi hatufanyi mtihani dakika 5 baada ya kufunga kitabu.

Tena nalirudia kila somo kwa vipindi: kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na katika kitabu chake cha mwaka 1885 akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tulichojifunza hutoweka upesi sana mwanzoni, na kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunafaa kuliko kurudia kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo saa moja kwa siku kwa muda wa siku kumi ni bora kuliko saa kumi za usiku mmoja.

Jambo la pili ni kuisoma hukumu kama mtu anayetafuta kitu. Hukumu yaweza kuwa na kurasa 30, na asiyejua atafutalo atazama humo. Mimi naliandika mambo manne tu kwa kila kesi katika kadi moja: kilichotokea, swali lililokuwa mbele ya mahakama, jibu, na sababu ya jibu. Chukueni kesi ya Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu mjini Mwanza mwaka 1990. Kilichotokea: Bibi Holaria alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza mwaka 1988 kwa mtu asiye wa ukoo, na mpwa wake akapinga, akisema kwamba kwa mila ya Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Swali: Je, mila hiyo yaweza kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984? Jibu la Jaji Mwalusanya: haiwezi; mwanamke aweza kuuza kwa masharti yale yale yanayomhusu mwanamume. Sababu: Katiba inakataza ubaguzi, na mila inayobagua haina budi kusomwa kwa namna isiyopingana na Katiba.

Mambo hayo manne yatosha kadi moja, nayo yanakaa kichwani kwa sababu yana mtu ndani yake. Anayekariri jina la kesi bila sababu ya hukumu ni kama aliyeshika ufunguo bila kujua ni wa mlango gani.

Jambo la tatu ni kuandika majibu kamili kwa saa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Tuseme karatasi ina saa 3 na maswali 4 ya alama sawa; basi kila swali lina dakika 45 na si zaidi. Nalikuwa nikitumia dakika 10 za kwanza kusoma swali mara mbili, kupiga mstari chini ya kila tarehe, kila hati na kila jina, na kupanga jibu pembeni. Dakika 30 za kuandika, na 5 za kusoma niliyoandika. Kwa kila shida iliyomo katika swali nalifuata hatua nne: hoja ni ipi, sheria yasemaje, sheria hiyo yaangukaje juu ya mambo ya mtu huyu, na kwa hiyo ushauri wangu ni nini. Wengi huandika hatua ya pili kwa kurasa mbili, na hatua ya tatu kwa mstari mmoja. Lakini hatua ya tatu ndiyo uwakili wenyewe. Katika mfano wa mzee wetu, hatua ya pili ni miaka 6 na kanuni ya kukiri deni; hatua ya tatu ni ile barua, tarehe yake, na sahihi iliyo chini yake.

Jambo la nne ni kuwa na wenzako wachache wakweli. Sisi tulikuwa watatu. Kila Jumamosi tulifanya swali moja kwa saa, kisha tulibadilishana karatasi na kusahihishana kwa alama. Sharti letu lilikuwa kwamba msahihishaji asiseme "umejitahidi". Aseme ni wapi alama imepotea na kwa nini. Ukisahihisha karatasi ya mwenzio mara kumi utaanza kuona karatasi yako mwenyewe kwa macho ya msahihishaji. Utajua jinsi anavyochoka kwa mwandiko mbovu, na jinsi anavyofurahi akikuta jibu lililopangwa kwa aya fupi. Tena tulikwenda mahakamani kusikiliza, maana mahakama zetu kwa kawaida husikiliza kesi hadharani. Asubuhi moja ya kumwona wakili akimhoji shahidi hufundisha jambo ambalo kurasa nyingi za kitabu haziwezi kulionyesha.

Jambo la tano ni kuheshimu vitu vidogo. Hati ya kiapo, kwa mfano, ina sehemu yake ya mwisho ambapo kamishna wa viapo huandika kiapo kilifanyika mahali gani na tarehe gani. Ni mistari michache tu, lakini sheria inaitaka, na hati zimewahi kukataliwa na mahakama zetu za juu kwa kuikosa. Muda nao ni hivyo hivyo. Anayetaka kukata rufaa ya jinai kutoka mahakama ya wilaya kwenda Mahakama Kuu hutakiwa kutoa taarifa ya nia yake ndani ya siku 10, na anayekwenda Mahakama ya Rufani ndani ya siku 30. Atakayechanganya tarakimu hizo mbili mtihanini atapoteza alama. Akizichanganya kazini, mtu aliye gerezani ndiye atakayelipa. Kwa ajili ya vitu hivi vidogo nalitengeneza orodha ya kuangalia kwa kila hati, nikaiandika upya bila kutazama mpaka mkono ukaijua wenyewe.

Hapa nina neno kwa wale watakaopewa madaftari na kaka zao na dada zao. Yapokeeni kwa shukrani, lakini msiyaamini kabla ya kuyalinganisha na sheria yenyewe. Toleo la mwaka 2023 la sheria zilizorekebishwa lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika sheria kadhaa vifungu vimebadilika namba. Daftari zuri la mwaka 2020 laweza kukufundisha kanuni ya kweli kwa namba isiyo yake. Kwa hukumu, ipo maktaba ya TanzLII katika intaneti, ambayo huzitoa bila malipo, hivyo hata asiye na fedha za vitabu aweza kusoma hukumu yenyewe badala ya muhtasari wa mtu mwingine.

Pengine msomaji wa Kidato cha Pili anajiuliza, "Mambo haya yanihusu nini mimi, ambaye nina mtihani wa Jiografia wiki ijayo?" Yanakuhusu sana. Mimi naona kwamba mengi yanayotakiwa na mtihani wa mawakili hupandwa katika madarasa haya, kabla mtu hajasikia jina la sheria hata moja. Mwalimu wa Kiswahili akikupa habari ya maneno 300 uifupishe kwa maneno 60, anakufundisha kuisoma hukumu. Mwalimu wa Hisabati akikataa jibu lisilo na njia, anakufundisha hatua ya tatu. Mdahalo wa Ijumaa, ukitakiwa kutetea upande usioupenda, unakufundisha kumjua mpinzani wako. Na ufahamu wa Kiingereza ni kazi ile ile ya kutazama kila tarehe na kila barua.

Juu ya lugha nitasema kidogo zaidi, maana ndipo wengi wetu kutoka shule za Serikali tunapoogopa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, nalo ni jambo la heshima kwetu. Lakini hukumu nyingi tulizoachiwa, na maandishi mengi ya sheria, yako kwa Kiingereza, na atakaye kuyatumia hana budi kuyaelewa. Dawa niliyoitumia ilikuwa rahisi: kila siku aya moja ya hukumu ya Kiingereza, niieleze kwa Kiswahili kama ninayemweleza mama aliyekuja ofisini na shida ya shamba. Pale niliposhindwa kueleza, ndipo nalipojua kwamba sikuelewa. Anayeweza kulieleza jambo kwa lugha ya mteja wake amelielewa kweli, na sentensi fupi iliyo sahihi hupata alama kuliko sentensi ndefu yenye madoido.

Kuna mmoja kati ya wale watatu wetu aliyetakiwa kurudia somo moja. Alikaa siku mbili kimya, kisha akaja na karatasi tupu na kalamu nyekundu, tukaendelea na Jumamosi zetu kama kawaida. Alifaulu aliporudia. Leo hakuna mteja anayemwuliza alipita mara ya ngapi. Huulizwa tu kama ameisoma barua yote.

Wadogo zangu, sikusema haya ili kila mtu awe wakili. Nchi yahitaji waganga, walimu, mafundi na wakulima pia, nao wote wana mitihani yao. Ila kwa yeyote mwenye nia ya sheria, aanze leo na somo lolote lililo mbele yake. Afunge daftari, aandike ayakumbukayo, ampe mwenzake asahihishe, na kesho kutwa arudie. Nawatakia heri katika mitihani ya mwisho wa muhula.